Jibu lilimkuta kwenye beseni la vyombo

Barua za mwezi huu ni kama zimeandikwa na watu waliokaa benchi moja. Wa Pasua hamjui wa Ngaramtoni, wala wa Ngaramtoni hamjui yule wa Usa River, lakini wote wanauliza jambo lile lile: mtu anahangaika na hesabu mpaka anakata tamaa, anaiacha, halafu jibu linamjia akiwa ameshika shughuli nyingine kabisa. Nimefundisha hesabu miaka 31 katika shule za Kilimanjaro, na hakuna nilichokipenda darasani kuliko ile sekunde uso wa mtoto unapobadilika kabla hajafungua mdomo. Kwa hiyo mnivumilie, mwezi huu nitajibu kwa kirefu.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi nauza mchele soko la Mbuyuni na ninaishi Pasua. Binti yangu yuko kidato cha pili. Jumatano moja alikaa mezani tangu saa moja jioni na swali hili: timu 53 zinacheza kombe la mtoano, hakuna sare, timu ikifungwa inaaga mashindano. Zitachezwa mechi ngapi mpaka bingwa apatikane? Alijaza karatasi mbili, akafuta, akalia. Nikamwambia aache, aoshe vyombo kwanza. Hata sufuria ya ugali hajamaliza kuisugua nikasikia kelele: "Mama, ni 52! Ni 52!" Mikono imejaa povu mpaka viwikoni. Kesho yake aliandika 52 peke yake kwenye daftari. Mwalimu wake akasema amenakili kwa kuwa hakuonyesha njia, akampa sifuri mbele ya wenzake. Mimi niliishia darasa la saba. Naomba kujua: mtoto anaweza kupata jibu bila kukokotoa? Na je, nimkataze kuinuka mezani kabla hajamaliza?*
Mama wa watoto watatu, Pasua, Moshi

Marahaba mwanangu. Kwanza nikutue mzigo: binti yako hakunakili. Jibu ni 52, na njia aliyoiona ni nzuri kuliko ile iliyokuwa ikitarajiwa.

Tazama alichokuwa akikifanya kwenye zile karatasi mbili. Timu 53 hazigawanyiki mbili mbili, kwa hiyo moja inapumzika na zinachezwa mechi 26. Zinabaki 27, moja inapumzika tena, mechi 13. Zinabaki 14, mechi 7. Zinabaki 7, mechi 3 na moja inapumzika. Zinabaki 4, mechi 2, kisha fainali. Jumlisha 26, 13, 7, 3, 2 na 1, unapata 52. Njia hiyo ni sahihi, ila ukiisahau timu moja tu iliyopumzika, hesabu yote inaharibika, na mtoto aliyechoka husahau. Kwenye beseni, nadhani, aliacha kuwafuata washindi akawatazama wanaofungwa. Kila mechi inamrudisha nyumbani mmoja, hazidi wala hapungui. Ili bingwa abaki peke yake, lazima timu 52 zirudi nyumbani. Basi mechi ni 52, na hata zingekuwa timu 1,000 angejibu palepale bila karatasi.

Wewe mwenyewe unaifanya hesabu hii kila jioni pale Mbuyuni. Ukifungua gunia la kilo 100, jioni huketi ukaanza kukumbuka kila mteja alichukua kilo ngapi. Unapima kilichobaki, unatoa kwenye 100. Umejua kilichotoka kwa kutazama kisichotoka. Binti yako amegeuza swali vivyo hivyo, na pengine amejifunza kwako bila ninyi wawili kujua.

Sasa kwa nini limjie kwenye sufuria na si mezani? Mezani alikuwa ameshaamua, bila kujijua kwamba ameamua, kuwa hili ni swali la kuhesabu raundi. Kila alipofuta alianza upya, lakini alianza kwenye njia ile ile. Alipoinuka, ule mshiko ulilegea. Swali lilibaki naye, njia mbaya ikaanza kusahaulika.

Mfaransa Henri Poincaré, mmoja wa wanahisabati wakubwa waliopata kuwapo, alilieleza jambo hili mbele ya wanasaikolojia mjini Paris mwaka 1908. Alisema kwamba kwa siku 15 alikaa mezani kila siku akijaribu kuthibitisha kuwa kuna aina fulani ya fomula isiyoweza kuwapo. Jioni moja akanywa kahawa isiyo na maziwa, jambo ambalo hakulizoea, akakosa usingizi, mawazo yakawa yanagongana kichwani. Kulipokucha alikuwa amegundua kuwa fomula hizo zipo. Baadaye alisafiri na wenzake, na katika mji wa Coutances, alipokanyaga tu ngazi ya gari la abiria, likamjia wazo kubwa lililounganisha kazi yake na tawi jingine kabisa la jiometri. Hakuwa akiliwaza wakati huo. Akaketi, akaendelea na mazungumzo aliyokuwa nayo.

Watu wakikisimulia kisa hiki hukumbuka lile gari. Mimi nakumbuka zile siku 15. Gari lilikuwa na abiria wengine, na hakuna hata mmoja aliyejiwa na wazo hilo. Hata binti yako asingelipata jibu kwenye sufuria kama asingezijaza zile karatasi mbili na kuzilowesha kwa machozi. Wewe uliona usiku ulioharibika. Mimi naona kazi ilikuwa ikifanyika.

Kwa hiyo usimkataze kuinuka. Mwaka 2009 watafiti wawili, Sio na Ormerod, walikusanya tafiti 117 kuhusu kuliacha swali na kulirudia. Kwa jumla kuacha kunasaidia. Faida huwa kubwa zaidi kwa aliyehangaika muda mrefu kabla ya kuacha, na hupungua kama mapumziko yenyewe yamejaa kazi nzito ya kichwa. Katika mafumbo ya maneno, shughuli nyepesi iliwasaidia watu kuliko hata kukaa bure. Vyombo ni shughuli nyepesi. Kuchambua mchele pia. Simu siyo, maana simu inaleta maswali yake.

Ila kuinuka kuwe na masharti. Ahangaike kwanza kwa dhati, aandike alipokwama, ndipo ainuke. Mtoto anayelitupia swali jicho dakika tatu kisha akakimbilia nje, huyo hana kitu cha kwenda nacho nje.

Na akiwa bado amekwama, usimuulize "umefika wapi?" Najua unauliza kwa upendo, hata mimi niliuliza miaka mingi. Janet Metcalfe na David Wiebe, mwaka 1987, waliwapa watu maswali ya aina mbili na kuwataka waseme, kila baada ya sekunde 15, wanajiona wako karibu na jibu kiasi gani. Kwenye aljebra ya kawaida watu walisogea kidogo kidogo, kama anayepanda kutoka mjini kwenda Marangu na kuziona nyumba zinabadilika njiani. Kwenye maswali ya kufumbukiwa, walijiona wako mbali, mbali, bado mbali, halafu wamefika. Hakukuwa na dalili. Kwa hiyo binti yako akijibu "sijui" si mkaidi. Kwa kweli hajui, hata kama limebaki sekunde 15.

Nikwambie na langu. Nilikuwa na miaka 17, shule ya bweni, nimerudi nyumbani Kibosho kwa likizo. Swali lilikuwa la robo duara ambayo nusu kipenyo chake ni sentimita 10. Ndani yake umechorwa mstatili: kona yake moja iko kwenye kitovu cha duara, kona inayoikabili iko kwenye ukingo uliopinda. Tafuta urefu wa ulalo unaounganisha zile kona mbili nyingine. Jumamosi nzima nilipambana na kanuni ya Pithagorasi, nikitafuta urefu na upana ambao hakuna aliyenipa. Jumapili baada ya ibada nilitumwa maji. Nikiwa kwenye ubao wa kuvukia mfongo, yaani mfereji wetu wa maji, ndoo kichwani, mguu mmoja upande huu na mwingine upande ule, nikaona: mstatili una lalo mbili na zote ni sawa. Huu ninaoutafuta siujui, lakini ule mwingine unatoka kitovuni mpaka ukingoni. Ule ni nusu kipenyo. Ni 10. Nilitua ndoo nikachora kwa kidole kwenye tope la mfongo, na mpaka leo nikivuka pale nasimama kidogo.

Limebaki la yule mwalimu. Sitamtetea kwa ile sifuri mbele ya darasa, wala kwa neno "amenakili". Lakini kuna kitu alikuwa na haki ya kukidai. Wazo likija ghafla huja na uhakika mkubwa, na uhakika huo mara nyingine unadanganya. Jaribu hili: daftari na kalamu kwa pamoja ni shilingi 1,100, na daftari limeizidi kalamu kwa shilingi 1,000. Kalamu ni bei gani? Wengi watasema 100 haraka, tena kwa furaha. Ingekuwa 100, daftari lingekuwa 1,100 na jumla ingefika 1,200. Kalamu ni 50. Hata Poincaré, pamoja na uhakika wote aliokuwa nao pale kwenye ngazi, aliporudi nyumbani alikaa akathibitisha. Binti yako arudi kwa mwalimu wake na mistari mitatu: kila mechi inaitoa timu moja; lazima zitolewe timu 52; kwa hiyo mechi ni 52. Hiyo ndiyo njia. Na wewe nenda naye, umsalimu mwalimu kwa heshima, uketi pembeni wakati mtoto anaeleza.

*Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha nne, Ngaramtoni. Kwenye mtihani wa kujipima wa mkoa nilikwama swali moja dakika 40, nikaacha mengine mawili sijayagusa. Nimefika stendi ya Kilombero, nimekaa tu ndani ya hiace, nikaliona jibu lote. Nililia. Na si mara ya kwanza. Usiku nasoma mpaka saa nane, naweka miguu kwenye beseni la maji baridi nisilale. Pepa za miaka kumi nyuma nimezimaliza zote. Kwa nini akili inakuja nikishatoka nje? Nimelaaniwa?*
Mvulana, miaka 18, Arusha

Marahaba mwanangu, hujalaaniwa. Umefunga mlango mwenyewe na hukuona ulipoufunga.

Chukua madumu matatu: la lita 21, la lita 127 na la lita 3. Nataka lita 100 kamili. Unajaza la 127, unamimina mpaka la 21 lijae, halafu unajaza lile la 3 mara mbili. Zimebaki 100. Mwaka 1942 Abraham Luchins alichapisha majaribio yake ya maswali kama haya. Aliwapa watu kadhaa mfululizo, yote yanayokubali njia hiyo hiyo, kisha akawapa hili: madumu ya 23, 49 na 3, nataka 20. Wengi walijaza la 49, wakatoa 23, wakatoa 3 na 3. Ni kweli, zimebaki 20. Lakini 23 ukitoa 3 ni 20! Aliyepewa swali hilo bila kuzoezwa kwanza aliiona njia fupi. Aliyezoezwa hakuiona, na si kwamba alikuwa mjinga. Mazoezi yalikuwa yamemfunga macho.

Wewe umemaliza pepa za miaka kumi. Nakupongeza, na usiache. Lakini mazoezi hayo yamekupa njia zilizokanyagwa sana, na mtahini anajua kutunga swali linalofanana na la mwaka jana kwa sura tu. Ulipolisoma, mguu ulienda wenyewe kwenye njia ya zamani. Dakika 40 ulizokaa hukuwa ukifikiri dakika 40. Ulikuwa ukifikiri kitu kimoja mara 20. Kwenye hiace hofu ilishuka, karatasi hukuwa nayo mbele, ile njia ikafifia.

Kwa hiyo ulete hiace ndani ya chumba cha mtihani. Ukiona umeanza upya mara ya pili na umepita palepale, weka alama pembeni uende swali jingine. Hutakuwa umeshindwa, utakuwa umekwenda kuosha vyombo. Ukirudi, usisome ulichoandika mwanzo; kifunike na rula, usome swali lenyewe. Lisome kimoyomoyo kwa Kiswahili. Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu nimeona watoto wengi ambao hawakushindwa na hesabu. Walishindwa na sentensi ya Kiingereza waliyoimeza nzima bila kuitafuna. "Isiyopungua tano" ukiisema kwa lugha ya nyumbani unaona palepale kwamba tano yenyewe imo. Halafu jiulize: nini nimekiamini hapa ambacho swali halikuniambia? Mimi pale Kibosho niliamini kwamba lazima niujue urefu na upana. Nani aliniambia?

Beseni la maji baridi limwage. Mwaka 2004 watafiti wa Lübeck, Ujerumani, waliwapa watu kazi ndefu ya tarakimu iliyokuwa na njia ya mkato iliyofichwa. Baada ya mafunzo ya mwanzo wengine walilala usiku kwa muda wa saa nane, wengine wakakeshwa au wakashinda macho mchana. Waliporudia kazi, waliolala walioigundua njia ya mkato walikuwa kama 59 katika kila 100. Wasiolala, kama 23. Nakuomba ulale. Swali gumu lisome saa tatu usiku, lihangaikie nusu saa, funga daftari. Asubuhi lifungue kabla hujachota maji ya kuoga.

*Mwalimu, nina wajukuu wawili pacha. Mmoja ukimpa fumbo anajibu kabla hujamaliza kusema. Mwingine anakaa, anakaa. Hii ni damu ya upande gani?*
Babu, Machame

Shikamoo babu. Si damu ya upande wowote. Anayejibu kabla hujamaliza mara nyingi amewahi kukutana na fumbo la umbo hilo, na huyo anayekaa huenda anakagua kitu ambacho mwenzake amekiruka. Wape fumbo ambalo hakuna kati yao aliyepata kulisikia, uone. Nakuomba jambo moja tu: usiwapime kwa sauti mbele yao. Nimepokea kidato cha kwanza watoto wengi waliokuja wameshaambiwa nyumbani wao ni yupi kati ya wawili, na miaka minne haikunitosha kulifuta hilo.

*Mwalimu mwenzangu, hongera kwa kazi. Nafundisha karibu na Usa River, mwaka wangu wa pili kazini. Darasa lina wanafunzi 87, kipindi ni dakika 40. Chuoni tulisoma kwamba mwanafunzi agundue mwenyewe. Nikisubiri wagundue, silabasi haiishi. Nikiwapa njia, wanaikariri na wiki ijayo wameisahau. Nifanyeje?*
Mwalimu kijana, Meru

Mwalimu mwenzangu, asante kwa kuuliza. Sikudanganyi kwamba kila somo linafaa kwa hili. Kugawanya polinomio, wafundishe hatua, wafanye mazoezi, mwende mbele. Chagua swali moja kwa wiki.

Nikupe nililolitumia mimi. Tafuta boksi la katoni, chora ubao wa drafti, vyumba 64, nusu vyeusi nusu vyeupe. Kata kona mbili zinazokabiliana kwa mshazari. Vimebaki vyumba 62. Kata vipande 31 vya karatasi ngumu, kila kimoja kinafunika vyumba viwili vilivyoshikana. Waulize: je, vipande 31 vinaweza kuufunika ubao wote? Watapanga, watapangua, kila mara watabakiwa na vyumba viwili visivyogusana. Watasema bado hawajapata mpango mzuri. Hapo ndipo utamu ulipo, kwa sababu mpango haupo. Kila kipande, ukiweke vyovyote, kinafunika cheusi kimoja na cheupe kimoja. Kona mbili ulizozikata ni za rangi moja. Zimebaki 32 za rangi moja na 30 za rangi nyingine. Haiwezekani, na mtoto wa kidato cha kwanza anaweza kuithibitisha hali hiyo kwa sentensi mbili.

Craig Kaplan na Herbert Simon walilichunguza swali hili mwaka 1990. Watu waliopewa ubao mtupu usio na rangi walihangaika kwa muda mrefu sana. Waliopewa ubao ulioandikwa "mkate" na "siagi" kwenye vyumba kwa kupokezana waliona mapema zaidi, kwa sababu mkate na siagi ni vitu vinavyokwenda pamoja, na jicho likaanza kuulizia jozi. Hakuna aliyewapa jibu. Walipewa tu pa kutazama. Kidokezo chako darasani kiwe cha namna hiyo. Usiseme "hesabuni rangi." Chukua kipande kimoja, kiweke ubaoni, kiinue, kiweke pengine, kiinue, nyamaza. Norman Maier, mwaka 1931, aliwapa watu kazi ya kuunganisha kamba mbili zilizoning'inia darini, zilizo mbali kiasi kwamba ukishika moja huifikii nyingine. Waliokwama, alipita karibu na kamba akaigusa kama kwa bahati mbaya ikabembea. Haikuchukua muda wengi wao wakafunga koleo kwenye ncha ya kamba, wakaibembeza, wakaidaka. Walipoulizwa wazo limetoka wapi, wengi hawakuitaja kamba iliyobembea. Waliliona ni lao, na kwangu mimi lilikuwa lao kweli.

Kuhusu muda: swali litoe dakika kumi za mwisho za Jumatatu, bila jibu. Waende nalo nyumbani. Jibu mlijadili Alhamisi. Hizo siku tatu hazikugharimu kipindi hata kimoja. Na uweke sheria kwamba aliyeona haropoki. Anaandika kwenye kikaratasi anakuletea mezani. Katika watoto 87 yupo mmoja atakayeona dakika ya pili, na akipiga kelele amewanyang'anya 86.

Sasa nikuambie ninalolijutia. Mwaka wangu wa nne kazini nilikuwa na mvulana aliyekaa dirishani. Niliwapa swali gumu, wote wameinama wanaandika, yeye anatazama nje, macho hayapo popote. Nilimwita mzembe, nikamsimamisha ukutani. Kipindi kilipoisha akanipa karatasi. Jibu lilikuwa pale, mstari mmoja. Miaka mingi baadaye nilisoma kuhusu utafiti wa Mark Jung-Beeman, John Kounios na wenzao wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2004. Waliwavalisha watu kofia za nyaya zinazosoma umeme wa ubongo huku wakifumbua mafumbo ya maneno. Kama theluthi moja ya sekunde kabla mtu hajaonyesha kuwa ameona jibu, kulikuwa na mlipuko wa ghafla wa umeme upande wa kulia wa kichwa, juu ya sikio. Na kabla ya mlipuko huo, sehemu ya nyuma inayoshughulikia kuona ilionyesha ishara ya kutulia, kana kwamba ubongo unafumba macho kwa muda mfupi ili usikie kitu chake wenyewe. Walipima maneno, hawakupima hesabu, lakini nilipofika hapo nilimkumbuka yule kijana. Alikuwa amefumba macho yakiwa wazi, na mimi nikampeleka ukutani.

Na jambo la kicheko. Unamjua Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi huko Tanga, alitia maziwa yake ya aiskrimu kwenye friji yakiwa bado ya moto, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipomuuliza mwalimu wake aliambiwa amechanganyikiwa. Hakuacha kuuliza. Baadaye, akiwa Iringa, alimuuliza Dk. Denis Osborne aliyetoka chuo kikuu cha Dar es Salaam kuwatembelea. Wenzake wakacheka, lakini mgeni alikwenda kujaribu. Makala yao ilichapishwa mwaka 1969, wakati Mpemba akisoma chuo cha wanyamapori pale Mweka, juu yetu hapa Moshi. Wanasayansi wanabishana juu ya jambo lile hadi leo. Wewe mwenzangu, katika darasa lako la 87, mtoto akisimama na wazo lisilo na kichwa wala miguu, wengine wakaanza kucheka, ukae kimya mpaka ule mcheko uishe, halafu umwambie: "Rudia, nataka kuandika ubaoni."

*Mwalimu shikamoo. Niko darasa la saba, Kiboriloni. Lile swali la vijiti vya kibiriti la mwezi uliopita, IV = III + III, kuhamisha kijiti kimoja tu iwe kweli, nimepata kwenye daladala. Kijiti cha kushoto kwa V nakihamishia kulia. Inakuwa VI = III + III. Sita ni tatu kujumlisha tatu. Naomba jingine gumu zaidi.*

Marahaba mjukuu wangu. Umepata, na umeeleza vizuri. Nimefurahi ulipokuwa daladalani hukushuka kituo kisicho chako.

Jingine hili hapa. Panga vijiti vyako mezani hivi: III = III + III. Alama ya kujumlisha ni vijiti viwili, ya usawa ni vijiti viwili. Hamisha kimoja tu, sentensi iwe kweli. Ukikwama, andika kwenye karatasi ni vijiti gani umevijaribu na ni vipi hujavigusa kabisa. Kisha kamsaidie bibi kumenya ndizi.

Jibu silitoi mwezi ujao. Nitumie lako.